Nyuzi za Katani Ndani ya Chungu cha Shaba

Jumatatu, 5 Julai 1971
Nachekecha udongo tangu asubuhi. Madebe manne. Mikono myeupe mpaka viwiko. Fundi Magesa, mkuu wa karakana, anabandua shaba iliyoganda tanurini. Juzi chungu cha kuyeyushia shaba kilipasuka tena motoni, cha pili sasa, shaba yote ikamwagika ndani ya tanuri. Matone yalimrukia fundi, viatu vyake vimetoboka. Miguu mizima, namshukuru Mungu.

Vyungu hivyo nimevifinyanga mimi. Kile cha mwisho kutoka Ulaya kiliisha mwezi wa tano. Kwa hiyo kosa ni langu, hata kama hakuna aliyelitamka. Naona aibu.

Kinu cha kuchambulia pamba kule Bunda kimesimama. Bushi yake ya shaba, ile pete inayoshika mhimili, imevunjika, na karakana yetu ya ushirika hapa Iringo ndiyo iliyopewa kumimina nyingine. Meneja wa kinu anangoja mpaka tarehe 24. Tukishindwa, ataagiza ng'ambo, na msimu utapita. Mdogo wangu Bhoke, aliyeolewa kijiji cha ujamaa karibu na Bunda, ametuma salamu. Pamba imejaa nyumba nzima. Watoto wanalala juu yake kama mabwana, ila yeye hana pa kuweka sufuria.

Jumatano, 7 Julai
Saba Saba. Ngoma mjini tangu alfajiri. Mimi nilikuwa Nyakato na akina mama wenzangu, tunakandika darasa la watoto. Kujitegemea.

Ukuta wa kulia tulikandika wiki iliyopita kwa udongo mtupu. Umepasuka kila mahali. Ukuta wa kushoto udongo ulichanganywa na nyasi zilizokatwa. Hauna ufa hata mmoja. Nimekandika nyumba tangu nikiwa msichana, najua nyasi huwaga zinashika udongo. Lakini leo nilisimama mbele ya ule ukuta mpaka wenzangu wakauliza kama naumwa.

Siumwi. Nawaza chungu.

Alhamisi, 8 Julai
Nilimweleza Fundi Magesa habari za ule ukuta. Nikasema nyasi ni dhaifu, tuweke nyuzi za katani. Akacheka. Kwa upole, lakini alicheka. Akasema katani itaungua kabla shaba haijapata hata joto, na yeye alikaaga miaka mingi karakana ya reli, hajawahi kuona chungu chenye kamba ndani.

Ni kweli itaungua. Hilo hata mimi nalijua. Nimekasirika hata hivyo.

Baadaye akaniachia ndoo moja ya udongo. "Jaribu vidogo vidogo, Mama Masatu. Usinimalizie udongo."

Jumamosi, 10 Julai
Nimekata kamba yangu ya kisimani, ni ya katani. Mwanangu Masatu ameuliza tutatekaje maji. Nimemwambia ziwa lipo.

Nyuzi ndefu zinajiviringisha, udongo unakuwa na mafundo kama nywele zisizochanwa. Nimekata fupi, upana wa kidole. Hizo zinatawanyika vizuri. Nimeongeza vigae vya vyungu vya zamani, nimevitwanga mpaka vikawa kama unga wa mtama. Nimefinyanga vikombe sita. Vitatu vina nyuzi, vitatu havina. Vidole vinauma. Nimefurahi, sijui kwa nini.

Jumanne, 13 Julai
Siku kubwa.

Tulivichoma vikombe vyote mpaka vikawa vyekundu kabisa, kisha tukavitoa ghafla nje kwenye upepo wa ziwa. Vile visivyo na nyuzi vililia pa, pa, pa. Vyote vitatu vipandevipande. Vya nyuzi vilinyamaza.

Kimoja tu cha nyuzi kilipata ufa. Fundi Magesa akakichukua kwa koleo, akangoja kipoe, akakitazama kwa ile lenzi yake ya kusomea. Nyuzi zimeungua, kama alivyosema. Lakini kila ulipolala uzi pamebaki kitundu chembamba kama cha sindano, na ufa ulipofika kwenye kitundu ukaishia hapo hapo. Haukupata njia ya kuendelea.

Akaniuliza katani nyingine iko wapi. Sikutaka kumwambia ni kamba ya kisimani. Nikamwambia. Akaenda mwenyewe sokoni, akarudi na mzigo begani.

Jioni hiyo hiyo nimefinyanga vyungu vikubwa vitatu. Nimeimba, na mimi siimbagi kazini.

Jumamosi, 17 Julai
Havijakauka. Nimevifunika magunia yenye unyevu, kivulini, ili vikauke polepole visipasuke, navigeuza kila saa. Fundi anataka kuviweka juani kwa sababu siku zinakwenda. Nimekataa. Nimemkatalia fundi mkuu mbele ya watu wote. Akaenda kuhesabu magunia ya mkaa.

Naogopa. Vikipasuka, Bhoke na kijiji chake kizima watakaa na pamba yao mpaka mwakani.

Jumatano, 21 Julai
Tumechoma. Kimoja kimepasuka chini. Viwili vizima, ukivigonga vinalia kama kengele.

Fundi anasema viwili vinatosha. Mimi sikuweza kula.

Alhamisi, 22 Julai
Kimeshika.

Koki mbovu, vitasa, bawaba, vyote tulivipakia ndani. Mkaa magunia matatu. Tulipokezana kuzungusha feni ya kupulizia moto. Shaba ikaanza kulegea, ikawa maji, ikang'aa hata huwezi kutazama. Fundi na mwenzake wakakinyanyua chungu kwa koleo ndefu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Wakamimina kwenye kalibu ya mchanga mpaka tone la mwisho.

Chungu kikawekwa chini. Chekundu, kizima. Tukakitumia tena mchana kumimina bushi ya akiba. Kizima bado.

Fundi Magesa alikaa juu ya debe, akafuta uso. Nikaona anacheka peke yake. Na mimi nikacheka. Tukashindwa kuacha.

Jumamosi, 24 Julai
Bunda. Bushi ilikerezwa jana, leo imefungwa. Walipowasha mashine, sakafu yote ilitikisika na pamba ikaanza kuruka hewani. Akina mama wa foleni wakapiga vigelegele. Bhoke alikuwa wa nne kwenye mstari, mzigo kichwani, anacheza nao.

Meneja aliuliza chungu tulichoyeyushia shaba kimetoka nchi gani. Fundi Magesa akaniita mbele, mimi na kanga yangu ya vumbi.

"Kimetoka kwa huyu," akasema. "Ni fundi mwenzangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Nimeandika hapa nisije nikadhani niliota.

Jumapili, 1 Agosti
Butiama, kwa mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kufinyanga. Nilimletea kile chungu. Kimeshaingia motoni mara tano, kimeanza kuchakaa mdomoni.

Alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akapitisha kidole juu ya vitundu. Hakunisifu. Yeye hasifiagi. Tulikula ugali wa mtama na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, nikamweleza habari za darasa la Nyakato na za Bunda. Alisikiliza, macho yake kwenye chungu.

Tulipomaliza kuosha vyombo alileta udongo wake, akakaa.

"Haya, nichanganyie na mimi nione."

Nikatoa katani niliyokuja nayo, nikamwonyesha urefu wa kukata. Anakata taratibu, anapima kila uzi kwa kidole chake. Kuna upepo kidogo, na ng'ombe wa jirani wanarudi.