Mfuko wa Mwisho wa Kisima cha Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Shemeji na watoto nawasalimu wote, mmoja mmoja. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama goti linamuuma akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na hilo anajisifia mwenyewe. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu wakati simu iko mfukoni. Kwenye simu unanisalimia, unauliza hali ya mama, halafu ghafla unakumbuka una kazi. Barua huwezi kuikata katikati, labda uichane, na wewe hujawahi kuchana karatasi yenye maandishi, hata iwe ya kufungia sabuni.

Kwanza niambie kuhusu hiyo shule. Mama anasema unafundisha jiografia, na kwamba wanafunzi wanakuwekea mawe mezani kila asubuhi. Mawe gani? Wanayaokota wapi? Umeshawaonyesha jinsi ya kuuma kipande kidogo na kusikiliza kama kinakwaruza? Binamu bado anageuza uso nikifanya hivyo mbele ya wateja. Namwambia kila siku kuwa jino halidanganyi: likikwaruza kuna mchanga, likiteleza ni udongo mtupu. Ananijibu kwamba watu wenye suti hawapendi kuona mtaalamu wao anatafuna ushahidi.

Kampuni ukiiona leo hutaitambua. Ulituacha kwenye chumba cha nyuma cha mama, hadubini moja juu ya meza ya cherehani, na kila mama alipotaka kushona tulihamishia miamba kitandani. Sasa tuko ghorofa ya nne, watu ishirini na sita. Yupo mama mmoja ambaye kazi yake ni kusaga mawe mpaka yawe membamba, mwanga upite. Yupo bwana wa kompyuta anayeamini kwamba tabaka la ardhi halipo mpaka lionekane kwenye skrini yake. Lifti inaharibika kila wiki, na masanduku ya miamba yanapandishwa mabegani. Siku hizo nusu ya ofisi huwa na mkutano nje. Mimi wananiita Mama Kwanini. Nasikia waliponipa jina hilo nilikuwa nimeuliza kwa nini wanacheka.

Na unajua tumekuaje? Kwa neno "hapana". Washauri wengi wa mafuta na gesi wakiulizwa kama kisima kiendelee husema tuchimbe kidogo tena, tuone. Sisi tulijulikana kwa kumwambia mteja asimamishe mtambo, hapa hakuna kitu. Sifa hiyo ilianzia Kisima cha Tatu. Yule mteja wetu wa kwanza, Bwana Suti, alizunguka kote akisimulia kuwa kuna kakampuni kadogo kaliko na ujasiri wa kumzuia asichimbe bure. Waliomsikia wakaja, nao wakaleta wengine.

Naomba nikurudishe kwenye kisima hicho, ingawa najua hupapendi. Ramani yako ilisema mwamba wa mchanga wenye mafuta uko chini kidogo ya mita elfu mbili mia moja. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la kuchimbia, kuviosha, kuvikausha, kuvitazama, na kuvitia kwenye mifuko yenye kina chake. Vipande havifiki juu papo hapo. Kwa hesabu yangu, kutoka chini kabisa hadi mkononi mwangu ni saa moja. Siku ile niliona udongo wa kijivu tu, na kwa hesabu hiyo tulikuwa tumeshapita tabaka lako. Wewe uliomba mita ishirini zaidi. Mimi nikasema hapana, mbele ya wote. Chombo cha kupimia kisima kilikwama njiani kwa sababu kuta zilikuwa zinameguka, kwa hiyo hapakuwa na shahidi mwingine ila mifuko yangu. Mtambo ukasimamishwa. Bwana Suti akakuita Mchora Ndoto, watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Ukafunga rula zako kwenye begi ukaondoka, na mwaka huu ni wa saba.

Sasa sikiliza ajabu. Miezi miwili iliyopita kampuni mpya iliyochukua kitalu kile cha mafuta ilituomba tukitazame upya Kisima cha Tatu tangu mwanzo. Binamu alipendekeza tuchukue ripoti ya zamani tubadilishe tarehe. Lakini unanijua, nikiona sanduku limefungwa mikono inaniwasha. Niliagiza mifuko yote itolewe ghalani, na nikaomba hata daftari za wachimbaji, ambazo zamani hatukuwahi kuzisoma. Kwenye ukurasa wa siku ya mwisho wameandika kuwa pampu moja kati ya mbili ilizimwa tangu asubuhi kwa matengenezo.

Wewe umeshaelewa, lakini niache niseme. Kwa pampu moja tope lilipanda kwa nusu ya mwendo. Vipande nilivyodhani vinatoka chini kabisa vilikuwa vya juu zaidi. Keekee ya kuchimbia ilikuwa imeshaingia kwenye tabaka lako, na vipande vyake vilikuwa bado njiani nilipoamuru wasimame. Nimepiga hesabu mara nne. Ramani yako ilikosea kwa mita tatu tu, kaka. Mita tatu! Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Tukafungua mfuko wa mwisho, ule uliojazwa pampu iliyobaki ikikaribia kuzimwa. Ndani ya udongo wa kijivu mlikuwa na chembechembe za mchanga, nyeupe na laini. Tukaziweka chini ya taa ya zambarau, zikatoa mng'ao wa manjano, dalili ya mafuta, na yule mama wa kusaga mawe akapiga vigelegele. Binamu akasema kumbe ni kosa la pampu, lingempata yeyote, na kwamba tukilieleza vizuri wateja watatuheshimu zaidi. Wote waliamini kuwa jicho la mtu lilikuwa linaziona chembe zile kwa mara ya kwanza.

Kaka, haikuwa mara ya kwanza. Niliziona siku ileile. Niliziosha, nikazikausha kwenye sinia la bati, nikazimulika kwa taa, nazo ziling'aa hivyohivyo. Mkuu wa wachimbaji alikuwa ameshaniambia habari ya pampu tukiwa mezani tunakula baada ya mtambo kusimamishwa, kama mtu anayelalamikia mvua, na kijiko kilinisimama mdomoni kwa sababu nilielewa palepale. Wewe ulikuwa bado hujafunga begi. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye mfuko: mchanga wa juu, umeporomoka, mng'ao ni wa grisi ya mabomba. Mchanga wa juu ulikuwa mwekundu na wa chembe kubwa. Nilijua kabisa, na tulipoufungua mfuko huo maabara niliyaficha maandishi hayo kwa kiganja.

Unaweza kuuliza kwa nini, maana mimi huwauliza wengine kila siku. Nilishasema mbele ya watu kuwa umekosea, na watu wakatikisa vichwa kunikubali. Tangu utotoni walikuwa wakikukubali wewe. Ilikuwa tamu, kaka, naona aibu kuandika, lakini ilikuwa tamu. Nikasema nitalisahihisha kesho, na kesho ulikuwa umeondoka. Kila mteja mpya aliyekuja kuulizia "hapana" yetu alizidi kunifunga mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulidhani ni Bwana Suti, kumbe ni mimi.

Hata ripoti mpya niliiandika kwanza kwa pampu peke yake. Nikampelekea mama habari njema, kwamba mwanawe alikuwa sahihi. Alifurahi mpaka akafuta macho. Halafu akauliza ina maana siku ile, wakati wewe unachekwa, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua. Nikainama kumwokotea vipande vya uzi sakafuni. Mama akanitazama muda mrefu, akaacha kushona, na nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu nikuandikie kabla hujasikia kwa wengine.

Leo asubuhi nimekabidhi ripoti nyingine. Imo pampu, umo mfuko, na imo sentensi yangu kwamba niliziona chembe nikaziandikia uongo. Binamu alinisihi nifikirie watu ishirini na sita. Aliniambia pampu kila mtu ataisamehe, lakini mtaalamu aliyeandika uongo kwenye mfuko hasamehewi, na "hapana" zetu zote sasa zitaanza kutiliwa shaka. Ana haki ya kuogopa, na mimi naogopa. Hajanisalimia tangu jana. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, basi nimeingia.

Ramani yako iko ukurasa wa kwanza, kama ulivyoichora, na jina lako chini yake. Kampuni mpya inataka kuendelea na mita zile ulizoziomba, na wameuliza mchoraji anapatikana wapi. Sijawapa anwani yako. Ni wewe wa kusema kama unataka kupatikana. Kuhusu kunisamehe, sitakuharakisha. Miaka saba haifutwi kwa kurasa nne. Ila nijibu, hata kama ni kwa matusi. Kimya chako nakistahili, lakini sikiwezi.

Mama anakukumbatia, na anataka kujua kama unavaa sweta. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu awaweke salama nyote.

Ni mimi mdogo wako, niliyeziona.