Mama Alipoingia Uwanjani

Burynivka, Jumatatu baada ya sikukuu ya matufaha

Yarema mwanangu,

Atukuzwe Yesu Kristo. Unaendeleaje huko Lviv? Kidonda cha mguu uliokatwa kimefunga vizuri? Unakula? Maana nesi aliniambia chakula unakirudisha nusu, nikamwambia basi huyo si wangu, wangu alikuwa akilamba sahani. Simu zangu hupokei, sikulaumu. Nesi anasema barua unazisoma, ndiyo maana nakuandikia, na mwandiko wangu unaujua, uvumilie. Sisi huku wazima. Ng'ombe kazaa ndama jike. Lile kombora la Mei lilivunja vioo tu, usiwe na wasiwasi, tumeshaziba.

Mara ya mwisho ulisema hapa hurudi tena, utatafuta chumba hukohuko mjini. Nililia. Lakini jana limetokea jambo, nisipokusimulia nitapasuka.

Tsukrovyk imecheza! Ndiyo, timu yetu ya kiwanda cha sukari, kwenye uwanja uleule walipokuwa wakilishwa mbuzi wa mzee Prokip. Wachezaji ni vijana saba waliorudi vitani, kila mmoja mguu mmoja na magongo mawili, ila kipa ana miguu yote na mkono mmoja. Kocha ni Levko, yule uliyecheza naye, wewe winga ya kushoto, yeye ya kulia. Wageni walitoka ng'ambo ya mto, na hata hawajakaa wakaanza kutuimbia, "Viazi! Viazi vya sukari!", maana sukari ya kiwanda chetu ilitoka kwenye viazi, kama walivyotuimbia baba zao. Mwanangu, nilifurahi kutukanwa.

Mpira haujachangamka, king'ora cha mashambulizi ya anga kikalia. Wote tukashuka kwenye handaki chini ya kiwanda. Nikamnyooshea mkono kijana mmoja nimsaidie ngazi, akanipita mbio na magongo yake. Aliyetaka kushikwa alikuwa Prokip.

Kule chini tukagawana mikate ya kabichi na wageni. Prokip naye, unamjua akipata watu wasioweza kutoka, akaanza historia. Akaeleza jinsi babu yako na wenzake wa kwenye matanuri ya sukari walivyoianzisha timu baada ya vita ile ya zamani, jezi wakazipaka rangi ya viazi vyekundu, mvua ikinyesha wanamaliza mechi wote wa waridi kama watoto waliotoka kuogeshwa. Akaeleza tulivyopanda ligi ya kulipwa nchi ilipopata uhuru wake, mpaka harusi zikawa hazipangwi siku ya mechi. Kisha tajiri akafunga kiwanda, nafasi yetu ya ligi akaiuza kwa mji mkubwa pamoja na jina, akatuachia magoli mawili. Mgeni mmoja akamkatiza, akasema, "Shukuru, mzee, sisi wa kwetu aliuza na magoli." Watu walicheka mpaka vumbi likadondoka darini. Prokip akasema timu hii imeshazikwa si mara moja, na kila mara wanaoifukua ni wale wasio na kiwanda wala tajiri.

Levko akaongeza kwamba safari hii jina limerudi kwetu, na mwakani wataingia ligi ya wenye magongo, ila hana winga wa kushoto. Wote wakanigeukia. Nikajifanya natafuta mkate kikapuni.

Hatari ikapita, tukapanda juu, mchezo ukaendelea. Ndipo kijana wetu mmoja, Onysko, akagongwa, akaanguka kifudifudi, gongo likaruka huko. Mimi sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta katikati ya uwanja na viatu vyangu vya kanisani, nimemshika makwapani namwinua. Naye anapaza sauti, "Mama, niachie! Mpira ni wetu!" Refa akanionyesha kadi ya njano. Mimi, Yarema! Wageni wakapiga kelele kwamba viazi wameingiza mchezaji wa nane.

Tulifungwa tatu kwa mbili, moja ni ya huyo Onysko. Baadaye akaja kunibusu na jasho lake, akaniambia bila kucheka kwamba mama yake alikuwa hivihivi, mpaka mkate akimkatia, mpaka yeye akahama nyumba.

Nilikaa chini pembeni ya uwanja. Mwanangu, siku zote nilidhani unaukimbia uwanja, na macho ya watu waliokujua ukikimbia. Sasa nafikiri unanikimbia mimi. Pasaka nilipokuja nilikulisha kwa kijiko mbele ya wenzako, na mikono yako yote miwili mizima. Uligeukia ukutani. Nilidhani ni maumivu.

Levko aliniuliza kama utakubali. Ulimi uliniwasha niseme ndiyo. Nikamwambia akuulize mwenyewe, mimi si winga. Anasema atakungoja hadi sikukuu ya Pokrova, mwezi wa kumi. Ukikataa, kataa, ila umkatalie yeye, usinitume mimi.

Prokip anakusalimu, na majirani wote wanakuulizia. Mungu akulinde, na akulinde pale mimi nisipofika. Ukija, kituoni nitakuwepo, hilo huwezi kunizuia. Ila ngazi za treni utashuka mwenyewe, nami nitasimama pale, mikono mfukoni. Ukianguka, nitangoja uniite.

Mama yako,
Motrya