Sikio la Kabula

Jumanne, Didia

Wote hapa msibani wanakisimulia kifo hiki vibaya. Eti mjukuu wangu Kabula kauawa na uvimbe wa shingo. Ni sikio, jamani.

Alizaliwa sikio la kulia halina tundu, kinyama tu. Shingo ilipovimba tukabandika dawa ya mizizi. Nani angelishuku sikio lisilotoa hata tone la usaha?

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Daktari akanionyesha: "Babu, usaha umejaa ndani ya sikio, umeshukia shingoni. Mmechelewa."

Mimi huchekesha watu hata misibani.

Nimewaambia waombolezaji kwamba alipokuwa akiingizwa kwenye mashine ya picha nilimtania, "Tabasamu, picha hii tutaitundika sebuleni," akacheka. Kicheko hicho nimekitunga. Alikuwa hanitambui tena.