Kuni za Tahadhari

Duka la Mikate,
Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Fyuzi,

Nakusalimu wewe, mkeo na wajukuu wangu. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, na kwamba baridi ya huko imelegeza mkono. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hayapokei amri.

Barua yako tuliisoma mezani, tena mara mbili. Uliandika kuwa kila nishati ina mahali pake: jua kwa taa na maji ya kuoga, gesi kwa moto wa haraka, umeme kwa mashine, na kuni kwa asiye na jingine. Maelezo yamenyooka, na sentensi zako pia. Kisha ukauliza kama mama yako amepumzika na moshi tangu tulipopata tanuri la umeme. Aliniambia, "Mjibu kwamba nimepumzika." Nilikataa. Hajapumzika.

Usidhani tanuri ni bovu. Linaoka vizuri, na umeme ukiwapo duka zima halinuki moshi hata kidogo. Lakini umeme hukatika alfajiri, mji mzima unapoamka pamoja na kuwasha majiko na pasi. Laiti ungekatika kila siku! Tungejua la kufanya. Hukatika unapotaka, wala haupigi hodi.

Nawe waijua kazi ya mama yako. Unga ukishakandwa na hamira ikishaanza kazi, hakuna wa kuubembeleza ungoje. Tanuri la kuni nalo halishiki moto sawasawa mpaka liwashwe saa nyingi kabla. Akingoja umeme ukatike ndipo awashe, amechelewa: unga utachacha na wodi za hospitali zitakosa mkate. Basi huwasha kuni kila siku, umeme uwepo usiwepo. Anaziita kuni za tahadhari. Siku nyingi mkate wote huokwa kwa umeme, na tanuri la kuni huwaka kando yake, tupu, likimlisha mama yako moshi usiooka kitu.

Siku hizi hulala ameketi. Akijinyoosha kitandani, pumzi humpotea. Daktari wa kifua amemwambia bila kuzunguka kwamba asipoachana na moshi, hautapita muda ataishi kwa mashine ya kupumulia, na mashine hiyo, kama ujuavyo, hutumia umeme. Unajua alijibu nini? "Basi nayo nitaiwekea kuni za tahadhari." Daktari alicheka. Mimi sikucheka.

Kuhusu gesi, muuzaji alikuja mwenyewe, akaingia chumba cha tanuri, akatazama huku na huku. Unakikumbuka: nyuma ni ukuta wa hospitali, kushoto jirani, kulia jirani, na hewa yote hupitia mlango mmoja wa chuma. "Mzee," akasema, "hapa mtungi ukivuja kidogo tu, sote ni marehemu. Siuzi." Akabeba mitungi yake akaenda zake.

Jua nalo limezibwa na ghorofa jipya la jirani. Lifikalo juu ya paa letu linatosha taa na redio, si tanuri. Nikikaa mle ndani siku hizi huona kama kuta zimesogea.

Nimeona tundu moja tu la kutokea. Alasiri umeme hautikisiki. Mama yako akioka wakati huo, mkate ukalala kabatini na kupelekwa wodini asubuhi, kuni zitazimwa siku hiyohiyo. Nilikwenda kumwuliza mpishi mkuu wa hospitali. Hana neno. "Mgonjwa akipata chai ya moto na mkate laini," alisema, "haulizi umezaliwa saa ngapi."

Anayekataa ni mama yako. Tuligombana mbele ya wateja.

"Kiporo?" alisema. "Mimi nimpe mgonjwa kiporo?"

"Mkate wa jana si kiporo, dada. Ni mkate."

"Kaka, wewe ni mwalimu, shika sarufi yako, niachie tanuri langu. Mikono hii haijawahi kuuza mkate uliolala. Uliolala ni wa kuku."

Hapo kikohozi kikamshika, akaegemea meza, na mzozo ukaishia papo hapo. Siwezi kubishana na mtu anayetafuta pumzi. Wateja walikuwa wakitazama viatu vyao.

Mimi nimefika ukutani. Kwake ni kaka tu, tena kaka anayeunguza hata yai. Wewe ni mtu mwingine. Kila uandikalo kuhusu maisha ya huko huwasimulia wateja wiki nzima, mnavyokula, mnavyovaa, mnavyofua, nao hulipia mkate haraka ili wakimbie. Kwa hiyo mwandikie, kwa mkono wako, kwamba huko mnakula mkate wa jana, wewe, mkeo na watoto, na kwamba hakuna aliyeumwa tumbo. Usimtajie mapafu wala daktari. Hayo ameyasikia na hayakumwingia. Mkate utamwingia.

Fundi cherehani, binamu yako, anakusalimu sana. Shangazi yako naye anasema umemsahau, nami sikumpinga. Mbusu kitindamimba wako kwa niaba yangu, na umwambie mkeo kwamba mwandiko wake ni mzuri kuliko wako.

Mungu awape nyote riziki na pumzi ndefu.

Usiogope kwamba nakutuma useme uongo. Nunua mkate leo, ufunike vizuri, muule kesho. Kisha andika.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mjomba wako.