Kompyuta Haiwaki, na Baba Anajua Sababu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijatamka neno ambalo halitarudi kinywani. Mimi ni binti mtu mzima, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, naishi na baba yangu mzazi, fundi majokofu mstaafu, tangu mama atutoke tumebaki wawili tu. Ofisini wamenikubalia nifanyie kazi nyumbani, sharti niwe na kompyuta inayoweza michoro mizito, na michoro ya kwanza wanaitaka Jumatatu, nikishindwa nafasi anapewa mwenzangu, basi nikanunua vipuri kimoja kimoja, nikaiunganisha mwenyewe juu ya meza ya kulia, nikabonyeza swichi, feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini giza totoro.

Nikachomoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu, nikairudisha, nikabadilisha waya wa skrini, nikaazima skrini ya jirani, wapi! Nikamwendea muuza vipuri nikamwita tapeli mbele ya wateja wake, maskini akanibadilishia ramu bila kubisha, mambo yakawa yale yale. Kila jioni baba alinishikia tochi tukiinama wote juu ya kasha la kompyuta, na nisiseme uongo, zilikuwa jioni tamu, akanisimulia alivyokutana na mama alipoitwa kutengeneza jokofu la duka la dawa alikokuwa akiuza, akajikwaruza kidole makusudi ili mama amfunge bendeji, habari ambazo sijawahi kuzisikia tangu nizaliwe.

Jana mchana nimerudi nyumbani kuchukua miwani niliyoisahau, namsikia baba sebuleni anaongea kwa simu na rafiki yake kinyozi, anacheka. "Bado haijawaka, bwana! Waya wa umeme wa prosesa, ule ubongo wa mashine, hakuuchomeka, mimi niliuona siku ile ile ya kwanza, nikaufunga nyuma ya bati la kasha asiuone. Ikiwaka si ataziba masikio kwa vile vidude vyake vya muziki, mimi nibaki naongea na ukuta?"

Mshauri, nilipigwa na butwaa, nikatoka kwa kunyata bila hiyo miwani. Baba yangu! Yule yule aliyekuwa akitikisa kichwa na kunipa pole, "Mashine za siku hizi, mwanangu, hazina adabu," kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mpaka sasa sijamwambia kitu. Nijifanye nimeuona waya mwenyewe, nimkabili, au nihame nyumba? Nina hasira, tena nina aibu, na sijui hiyo aibu ni ya nini.

Ni mimi, Binti Niliyeduwaa.

JIBU

Mwanangu, hata mimi nimeduwaa. Barua yako nimeisoma mara mbili, chai ikapoa mezani.

Pole sana. Baba yako amekosa, tena amekosa vibaya. Mtu aliyeishi kwa ufundi anajua kazi ni nini, na kuchezea riziki ya mwanawe kwa sababu ya upweke si mzaha wa kumsimulia kinyozi. Usimtetee kwa hilo, na usiniombe mimi nimtetee.

Sasa zamu yako. Umeunganisha mashine nzima bila kusoma kwamba prosesa ina waya wake wa umeme, kisha ukaenda kumtukana mtu dukani kwake? Kabla ya Jumatatu uwe umeshapita pale, umwombe radhi mbele ya wateja, maana ulimtukana mbele ya wateja. Na unasema hujui aibu yako ni ya nini. Unajua sana. Mzee amekaa na hadithi ya mama yako miaka yote hiyo, na wewe umekuja kuisikia kwa sababu skrini ilikuwa giza.

Kuhama futa kabisa. Utamhama baba kwa kosa la kutaka kuongea na wewe? Na kujifanya umeuona waya mwenyewe ni uongo juu ya uongo, mtaishi mkiviziana humo ndani kama paka na panya.

Fanya hivi leo. Zima umeme ukutani, fungua bati la nyuma, uchomeke waya huo mpaka ushike sawasawa, uwashe, uanze michoro yako. Kisha toa vidude masikioni, kaa karibu naye, umwambie kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka: "Baba, nilikusikia ukiongea na kinyozi. Umeniumiza, na kidogo nipoteze kazi." Halafu nyamaza. Atajikuna, atakohoa, labda atakasirika kwanza ili kuficha haya. Mwache amalize, usimsaidie maneno.

Akishamaliza, muulize habari nyingine ya mama yako. Kesho muulize tena, kompyuta ikiwa nzima na kazi ikiwa imekubana. Usingoje kitu kiharibike ndipo umwite baba yako.