Tumeizoea

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba unakunywa dawa hata siku lisipouma. Mimi sijambo, nimechoka, lakini ni uchovu wa kazi ninayoipenda.

Juzi uliondoka mahakamani kabla sijakushukuru, na simu zangu hupokei. Wakili wa kiwanda cha ngozi alipokuuliza kama harufu ya mto inawasumbua, ulijibu, “Tumeizoea.” Watu wakacheka, naye akaketi kama mtu aliyeshiba. Sasa anadai kwamba kilichozoeleka si madhara. Jaji amekubali uitwe tena tarehe 9 Aprili, uulizwe jambo moja tu: ulimaanisha nini? Usipokuja, neno hilo litabaki lilivyo, na huenda bomba la kiwanda likaendelea kumwaga uchafu mtoni.

Naukumbuka mto ule ulivyokuwa. Wewe ulinisugua mgongo kwenye jiwe bapa, povu likaniingia machoni nikalia, ukaniambia nifumbue macho ndani ya maji, yataosha yenyewe. Nikafumbua, nikaiona miguu yako hadi kucha. Pengine kumbukumbu imeyasafisha maji kuliko yalivyokuwa, sina hakika. Lakini nadhani uwakili wangu ulianzia pale, wala si chuoni.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, wakili wa majitaka,

Marahaba. Goti lipo, linakusalimu. Hapa wote wazima, ila mimi nimepewa jina jipya. Nikipita dukani nasikia, “Shikamoo, Bibi Tumeizoea!” Hata fundi cherehani, yule mkimya, jana kafungua mdomo: “Bibi, sindano imenichoma, lakini nimeizoea.” Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikalia.

Siji. Mtu mzima haendi kuchekwa mara mbili. Wapo hao unaowafundisha sheria kila Jumamosi pale shuleni, wanajua kusema. Chukua mmoja wao.

Mimi nilisema kweli. Ulitaka niseme kila asubuhi naziba pua? Pua yenyewe siku hizi haisikii hata maziwa yakiungua. Jumapili yaliungua mpaka jirani akaja mbio akidhani nyumba inawaka, nami nimekaa hapo hapo jikoni nachambua mchele! Uzee huo, mwanangu, usicheke.

Shangazi yako

16 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Nimeusoma mstari wa maziwa nikashindwa kuendelea na kazi.

Nimemuuliza daktari ambaye ni shahidi wetu, bila kutaja jina lako. Anasema hewa ya viwanda vya namna ile huweza kuidhoofisha pua taratibu, hata mtu akaamini kwamba harufu imepungua. Hakusema kwamba ndivyo ilivyo kwako. Hilo litahitaji kupimwa. Lakini naogopa kwamba neno lako lilibeba jambo ambalo hakuna aliyelisikia mle ndani, nikiwemo mimi.

Miaka yote hii nimesimama mbele ya wakazi katika lile darasa, nikiwaeleza kwamba mto ni haki yao. Nimewauliza kuhusu maji, kuhusu samaki, kuhusu ngozi za watoto. Sikuwahi kumuuliza mtu ananusa nini. Sasa nakuuliza wewe, na nauliza kama mtoto wako kabla ya kuuliza kama wakili: sabuni unaisikia? Mvua ya kwanza je? Na mimi nikija?

Ni pua yako, shangazi, si kielelezo changu. Ukinyamaza nitaelewa, nami nitaendelea na ushahidi nilio nao.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usidhani nilikasirika. Nilikuwa najipima.

Sabuni nimeipaka puani kabisa: hakuna kitu. Mvua imenyesha juzi, nikatoka nje nikasimama kama mwehu, jirani akauliza, “Bibi, umepoteza nini?” Nikamwambia ndiyo, natafuta.

Hilo la mwisho ndilo limenichelewesha kujibu. Tangu ukiwa mdogo, ukirudi kutoka shule, nilikuwa nakukumbatia navuta hewa shingoni kwako, najua mtoto kafika. Mwaka jana ulipokuja nikafanya vile vile. Sikupata kitu. Nikadhani mjini umebadilika, hata harufu yako si ile tena. Nikanyamaza, nisikuudhi.

Nakuja tarehe tisa. Nitamweleza jaji hivyo hivyo nilivyokuandikia, na atakayecheka acheke. Ila wewe usisimame karibu yangu nikisema.

Shangazi yako