Tangi ya Kuume Ilikuwa Imejaa

Mujukuu wangu,

Huku Bunia tuko. Koko yako mwanamuke anagombana na mvua, mimi na magoti.

Unauliza sababu gani kamyo yako inakunywa mazutu, ile dizeli, ya tangi ya kushoto tu. Angalia kifuniko cha kuume. Tangi isipoingiwa na hewa haitoi kitu. Mimi nilifunga changu na plastiki sababu ya vumbi, nikajiona injinia.

Nilikuwa natoa mukubwa wangu, kaka yangu, kule Epulu, mugonjwa, tufike hospitali. Injini ikazima njiani.

"Mazutu imekwisha?"

"Tangi moja imejaa, mukubwa."

Akacheka kidogo. "Basi iombe."

Nikafungua mabomba yote. Plastiki niliitoa mwisho. Mazutu ikapita, kamyo ikawaka. Nikamuita mukubwa, hakuitika tena.

Kama umefunga, acha barua hii, nenda ufungue.

Koko yako mwanaume